Kiongozi wa Mlima na Tone la Damu

Mama Siwema alikuwa bado anachochea moto wa chai pale Lundo, Meshack wa bodaboda akateremka na habari. Kijiweni wanamwita Ambulensi.

"Mmesikia? Asiyepitia mafunzo ya huduma ya kwanza, mwezi ujao hapandishi wageni mlimani. Siku tano, yanaanza leo saa nne, Kihagara. Majina yanafungwa leo hiihii."

Wote wakamgeukia Damiano, jina la kijiweni Ramani. Miaka kumi na nane anawapandisha watalii kutoka ziwani hadi kwenye kahawa za Umatengo. Kazi nyingine hana.

"Siendi," akasema Ramani, akipuliza chai. "Mtu atoke mjini na begi la plasta aje kunifundisha pori?"

"Mgeni akivunjika mguu huko juu?" akauliza Mzee Tarsisi, aitwaye Jaji kwa sababu huhukumu kabla watu hawajamaliza kusema. Alikuwa akimenya muhogo.

"Namwita Ambulensi."

"Na nafika," Meshack akajigamba. "Mgonjwa katikati, mshikaji nyuma, mshikaki. Thelathini nimewafikisha zahanati, wameketi wima kama maharusi."

"Na yule wa Namswea?" Jaji akauliza.

"Yule alishuka njiani."

"Alianguka, Ambulensi."

"Kushuka ni kushuka, Mzee wangu."

Wakacheka mpaka benchi likalia. Mama Siwema hakucheka sana. Aliona Ramani anapuliza kikombe kitupu.

"Baba Aurelia," akamwambia taratibu, "ukikosa wageni, watoto watakula nini?"

"Niache, Mama Siwema. Mlima unanijua."

"Mlima hauandiki majina," Jaji akadakia, akainua mkono kutoa hukumu, na kisu kikateleza. Damu ikachuruzika juu ya muhogo. Kidogo tu, ya kuku ni nyingi zaidi.

Ramani akaitazama. Midomo ikapauka, macho yakapinduka, akaenda chini kama gunia la dagaa.

"Mnyanyueni," akasema Meshack, pikipiki inanguruma tayari. "Jaji, kaa nyuma umbane asiyumbe."

"Habebwi mtu hapa." Mama Siwema hakupaza sauti. "Mlazeni chali, miguu juu ya benchi. Na wewe zima hilo, unampa moshi badala ya hewa."

Misa ndefu za Pasaka zilimfundisha. Kila mwaka wanakwaya wawili watatu huzimia, naye huwalaza vivyo hivyo, sala mdomoni.

Ramani akafumbua macho. Alichokiona kwanza ni viatu vyake mwenyewe, vimemzidi urefu.

"Usingizi ulinipungua jana," akasema.

"Kilichopungua si usingizi," Jaji akajibu, kidole mdomoni.

Mama Siwema akainama kumfungua kifungo cha shati. Ramani akamnong'oneza, "Huko mafunzoni watatuonyesha vidonda. Nikianguka mbele ya vijana, nani atanipa wageni tena?"

"Na ukiangukia mlimani, mgeni kakatwa na jiwe, nani atamfunga? Nenda ukaangukie penye watu wanaojua la kufanya, Baba Aurelia. Ukianguka mara tatu, ya nne utasimama."

Ramani akainuka. Kisha akajikung'uta mchanga, akanywa maji, akampandia Meshack nyuma bila kumtazama mtu.

"Ambulensi," Jaji akaita huku pikipiki ikiondoka, "mwambie mwalimu asihangaike kutafuta mtu wa kujifanya amezimia. Lundo tumemletea fundi."