Malalamiko Dhidi ya Mshonaji Aliyehamisha Mabango Yetu

Kwa Mwenyekiti wa Bodi,
Muungano wa Mashirika Saba Yanayohudumia Watu Wasio na Makazi.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: OMBI LA KUONDOLEWA MJUMBE MMOJA KWENYE VIKAO VYETU

Natanguliza heshima. Najua wewe ni dada yangu wa tumbo moja, na kwamba ningeweza kukupigia simu. Lakini kwenye simu huwa unanicheka kabla sijafika kwenye hoja. Kwa hiyo leo nakuandikia kama Katibu anayemwandikia Mwenyekiti wake, na naomba unisome kwa uso wa kazi.

Utakumbuka kwamba mwezi wa tatu wafadhili walitutaka tuwe na mjumbe ambaye yeye mwenyewe hana makazi. Tulikaa vikao vinne kulijadili hilo, kisha tukamteua mama mmoja mshonaji, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akilala kwenye baraza la posta ya zamani pamoja na cherehani yake ya mkono. Tulimteua kwa sababu ni mpole, ana sauti ndogo, na tulidhani atapendeza kwenye picha. Kumbe tulijipalia makaa. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Mshonaji anafika kwa wakati. Wewe unajua kwamba kikao chetu cha saa nne huanza saa tano na nusu, na kwa miaka kumi na miwili hakuna mjumbe aliyewahi kuumia. Siku yake ya kwanza alifika saa tatu. Mlinzi akamfungulia. Tulipoingia tukamkuta ameshafagia ukumbi, amepanga viti duara, amesoma ajenda yote, na amebaki na swali. Ajenda ilikuwa ile ile ya siku zote: kufungua kikao, kusoma kumbukumbu, yatokanayo na kumbukumbu, jina la shirika gani litangulie kwenye kibao cha getini, na mengineyo. Aliuliza watu wasio na makazi watajadiliwa kwenye kipengele kipi. Nikamweleza kwa upole kwamba wako kwenye mengineyo, muda ukiruhusu.

Akaandika kwenye daftari lake, halafu akasema, "Basi tuanze na mengineyo. Hayo mengine, muda ukiruhusu."

Mkurugenzi wa shirika la mablanketi akaunga mkono kabla sijapata la kusema. Tangu siku hiyo hatujafika kwenye suala la kibao, na wakurugenzi wote saba sasa wanakunywa chai meza moja kama watu waliooana.

2. Ameharibu fomu yangu. Fomu ya kuandikisha wahitaji ni kazi ya mikono yangu, kurasa nne. Swali la kwanza ni anwani ya makazi, na kompyuta haikubali kwenda kwenye swali la pili mpaka la kwanza lijazwe. Kwa miaka mingi fomu hii imetusaidia sana kupunguza msongamano. Mshonaji alipoketi kuijaza, aliandika: "Baraza la posta ya zamani, nguzo ya tatu, upande ambao mvua haifiki." Nilitabasamu, nikijua itakwama. Kompyuta ikakubali. Wiki iliyofuata mpeleka barua akapeleka majibu nguzo ya tatu, akamkuta anashona, akapewa sahihi, na wakaagana vizuri.

Habari zikaenea. Mpaka juzi watu thelathini na wawili walikuwa wamejiandikisha. Yuko anayekaa "nyuma ya soko, benchi ya kijani," na yuko wa "chini ya ngazi za uwanja wa mpira, bisha hodi." Msongamano umerudi wote, na mimi nashinda ofisini kutwa nzima nikihudumia watu, jambo ambalo halimo kwenye mkataba wangu.

3. Hili la tatu ndilo zito, naomba ulisome ukiwa umekaa.

Unamfahamu Mzee Kengele. Ndiye aliyepiga kengele ya shule miaka thelathini, akikaa kwenye kibanda cha shule. Alipostaafu, kibanda kikapewa mwingine na yeye akabaki na jina. Mwezi jana alilazwa kwa ajili ya mapafu. Jumatatu moja muuguzi akapiga simu ofisini: mzee ataruhusiwa Jumatano, lakini daktari amesema lazima alale mahali pakavu. Akirudi kwenye unyevunyevu, hawategemei kumwona tena.

Nilifuata utaratibu. Kwenye kikao cha siku hiyo nilipendekeza iundwe kamati ya watu watano ichunguze suala hilo na kutoa taarifa baada ya miezi mitatu. Mshonaji akanyoosha mkono.

"Hiyo Jumatano, kamati itakuwa imefika wapi?"

Nikasema itakuwa imeshamchagua mwenyekiti wake. Sikuona kosa katika jibu hilo. Yeye hakubisha. Aliomba tu ufunguo wa stoo ya nyuma, akaongeze viti, maana watu waliokuja kujiandikisha walikuwa wamejaa mpaka mlangoni. Nikampa.

Alikawia. Nilipomfuata nikamkuta amesimama katikati ya vile vyumba vitatu vya stoo, akitazama madirisha. Aligusa ukuta kwa kiganja, akafungua bomba, maji yakatoka.

"Hapa anakaa nani?" akauliza.

Nikamjibu, "Mabango."

Neno lilinitoka kabla sijalivika nguo, Dada. Niligeuka nikawaona wajumbe wote wamenifuata na wamelisikia. Na kweli, mabango yalikuwamo: ya miaka kumi na miwili, ya vitambaa, yamekunjwa vizuri, yamepangwa chumba hadi chumba, mengine yakiwa na mto wa kuyainua yasipate unyevu. Mkurugenzi wa mablanketi akavua koti, akalitundika kwenye msumari, akabeba mzigo wa kwanza. Wa kliniki akabeba wa pili. Yule wa chakula na yule wa ushauri, ambao hawajasalimiana tangu ugomvi wa kibao, walishika bango moja, huyu huku na yule kule, wakapishana na mimi mlangoni. Nilibaki nimeshika kumbukumbu za kikao. Mwishowe nikaziweka chini, maana nilikuwa nawazibia njia.

Jumatano Mzee Kengele alihamia. Anavyo kitanda, meza na pazia. Pazia lenyewe limeshonwa kwa bango letu kubwa. Linasema "MAKAZI NI HAKI YA KILA," na neno "mtu" limekunjwa kwenye pindo. Nilimwonyesha Mshonaji kasoro hiyo. Akasema mtu yumo ndani.

4. Mambo hayakuishia hapo. Mzee Kengele amepona kifua, na mtu aliyepiga kengele miaka thelathini hawezi kukaa bure. Ametafuta kipande cha chuma, amekitundika kwenye dirisha lake, na saa nne kamili anakigonga. Wajumbe wanakimbia kutoka getini kama watoto wa darasa la kwanza. Wiki iliyopita kikao kilimalizika saa tano kasoro, saa ambayo kwa haki kingekuwa hata hakijaanza. Chai ilikuwa haijachemka.

5. Mpango wetu wa miaka mitano unasema kwamba kufikia mwezi wa kumi na mbili tutakuwa tumewapatia makazi watu watatu, kwa majaribio. Sasa ni mwezi wa nane na wameshafika kumi na mmoja. Mwenye duka la mbao ametoa chumba cha juu. Wajane wawili wa mtaa wa pili wamekuja wenyewe, kila mmoja na ufunguo wake, baada ya kuliona lile pazia. Mimi nitaandika nini kwenye ripoti? Kuna ukurasa mzima wa changamoto, na umebaki mweupe. Changamoto ninayo moja tu, nayo inashona.

6. Ananiita kaka. Mbele ya wajumbe. Na siku mzee alipohamia, Mshonaji alinishukuru mimi mbele ya wote, mimi niliyetaka kamati. Alisema bila ufunguo wa Katibu lisingefanyika lolote. Nilitafuta kejeli kwenye uso wake, sikuiona. Jambo hilo limenikosesha raha mpaka leo.

Kwa sababu hizo naomba Bodi yako imhamishie Mshonaji kwenye Kamati ya Nidhamu, ambayo haijakutana tangu iundwe. Ikiwa hilo haliwezekani, basi Bodi ipitishe azimio la kumtaka achelewe, walau nusu saa, kwa ajili ya umoja wetu. Na kama nalo ni gumu, naomba mimi nipewe likizo mpaka watu wote wawe wamepata makazi, kwa kuwa naona kwa mbio wanazokwenda nazo haitakuwa likizo ndefu.

Nisalimie shemeji na goti lake, wanao wote, yule jirani yako anayefuga bata, na wanabodi kila mmoja kwa cheo chake. Wifi yako anakusalimu, na watoto wanauliza shangazi anakuja lini.

Ni mimi, mdogo wako katika familia na mtumishi wako katika kazi,

Katibu wa Muungano.

Tanbihi: Barua hii imekaa mezani siku nne, kwa hiyo kuna la kuongeza. Jumamosi nilifungua chumba cha marehemu mama. Najua tulikubaliana kisiguswe, na kwa miaka tisa hakikuguswa. Humo sasa yumo mama mmoja mpishi na binti zake wawili, ambao nyumba yao iliungua. Hakuna aliyeniomba, Mshonaji mwenyewe hajui. Nilikuwa namwandikisha huyo mpishi, akafika kwenye swali la anwani, vidole vikasimama, na mimi nikajikuta namtajia ya kwetu. Wifi yako alilia kidogo, kisha akaenda kutafuta mito. Nguo za mama nimezikunja mwenyewe, ziko kwenye sanduku lake, zinakusubiri wewe. Nilitaka kukuomba ruhusa kwa barua rasmi. Nikahesabu siku ambazo ingechukua, nikaona bora nikuombe radhi. Maombi yangu yote ya hapo juu nayafuta. Ukija, njoo na chandarua kimoja. Binti mdogo ananiambia yule bibi wa kwenye picha anamtazama akilala. Nimemwambia asiogope, ndiye mwenye chumba, na hana neno.