Herufi U Iliyodondoka

Jumatatu, 4 Machi
Kisanduku changu kimefutwa rasmi. Ukurasa wa pili, kona ya chini kushoto: "Tulikosea." Miaka kumi na tisa nimekiandika mimi. Kwa mfano: "Jana tuliandika kwamba bibi harusi ana miaka 72. Ana 27. Tunamwomba radhi yeye na mumewe." Watu walianzia gazeti hapo! Leo pamewekwa picha ya waziri akikata utepe. Mkaguzi, aliyeletwa na wizara gazeti letu lilipotwaliwa mwaka jana, anasema gazeti la serikali halikosei, kwa hiyo halina cha kusahihisha. Anakalia kiti cha Mzee Mkato, mhariri wetu wa zamani, aliyegombana na wizara asubuhi na kugombana na mimi mchana kutwa kwa sababu ya mkato mmoja. Namkumbuka mpaka roho inauma.

Jumanne, 5 Machi
Penye nia pana njia. Kama kosa hakuna, nitalitengeneza. Likitoka kosa kubwa wataomba radhi, wakiomba radhi watataka kisanduku, wakitaka kisanduku watanitaka mimi. Kesho waziri anafungua kiwanda cha viberiti. Ndiko shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikopata kazi baada ya miaka miwili ya kulala kwenye kochi letu. Vichwa vya habari navipitia mimi wa mwisho. Nitadondosha u moja tu.

Alhamisi, 7 Machi
Limetoka! Ukurasa wa mbele, herufi nene: WAZIRI AFUNGA KIWANDA CHA VIBERITI. Kwenye picha anacheka, mkasi mkononi. Simu zimelia kama zamani. Hata yule mwalimu mstaafu aliyezoea kutusahihisha kila asubuhi, kisha akanyamaza mwaka mzima, amepiga. Ameuliza kama bado tuko hai. Nimemwambia asome ukurasa wa pili kesho, na nusura nilie. Nimechonga penseli. Nimeandika radhi ya mistari minne, na nikaweka mkato mmoja usio wa lazima, kwa heshima ya mzee.

Ijumaa, 8 Machi
Hakuna radhi. Mkaguzi alipiga simu wizarani, wizara ikampigia waziri, wakakaa kikao saa tatu nzima. Wamekubaliana kwamba gazeti halikosei. Saa nane mchana wamekifunga kiwanda.

Jumamosi, 9 Machi
Shemeji amerudi kwenye kochi, na begi lake, na katoni ya viberiti waliyompa wakimuaga. Anawasha kimoja, anakizima, anawasha kingine. Mke wangu ameuliza ni mpumbavu gani huko kazini aliyeisahau hiyo u. Nimesema mitambo imechakaa.
Nikaenda kwa Mzee Mkato kuungama. Nilimkuta kibarazani anasahihisha kwa wino mwekundu karatasi iliyofungiwa vitunguu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema zamani gazeti likikosea tulisahihisha gazeti, siku hizi wanasahihisha watu. Akasema pia nikae mbali na herufi zote, hasa irabu. Nilijuta kweli, mpaka nilipofika kona ya kwetu.

Jumapili, 10 Machi
Nimegundua nilipokosea. Nilipaswa kuongeza herufi, siyo kupunguza! Kesho inaanza semina ya wizara kwa wanahabari wote, siku tatu, mada "Furaha ya Kuandika kwa Utaratibu." Jumatano waziri anaifunga. Nami nitachomeka u moja: WAZIRI AFUNGUA SEMINA. Safari hii hawana pa kukimbilia. Nani atakubali kukaa siku tatu nyingine kusikiliza hotuba zilezile? Lazima wakiri, na radhi nimeshaiandika.
Shemeji amechungulia juu ya bega langu akasoma. Ameuliza kama wanahabari wote maana yake na mimi nimo.
Nimo. Safu ya mbele, ubavuni kwa Mkaguzi.