Malalamiko Kuhusu Uji wa Kilomita ya Arobaini

Ndaki Manyanda,
Kasokola, Mpanda.

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Mbio za Kilomita Sitini,

Poleni na kazi ya kulikata jina langu kwenye orodha ya waliomaliza. Nimeambiwa nilichelewa dakika kumi na moja. Nilifanya mazoezi miezi saba, dakika hizo zimeniuma sana, na ni haki mjue zilipotelea wapi.

1. Kwenye semina mlitufundisha mkimbiaji asingoje njaa: ale kidogo kila nusu saa, wala asikae kituoni zaidi ya dakika mbili. Elimu nzuri. Nilijizoeza kula viazi huku nakimbia, mpaka majirani wakamwuliza mke wangu kama ananinyima chakula nyumbani.

2. Baada ya elimu hiyo, kituo cha kilomita ya arobaini mkamweka mama mkwe wangu agawe uji. Hongereni. Kwetu Wasukuma mwanaume hali mbele ya mama mkwe, wala hamtazami usoni. Labda kamati ilidhani ukikimbia sana ndoa inavunjika yenyewe.

3. Nilipoona kitenge chake cha bluu niliingia kwenye mahindi, nikachuchumaa, nikamsalimia nikiwa nimempa kisogo. Naye kwa ukarimu akanifuata na kikombe. Nikasogea, akasogea. Shamba lile ni ekari tatu na tulilizunguka lote. Dakika ishirini zikaisha bila hata tone la uji.

4. Kilomita ya hamsini na tano miguu iligoma. Nilikaa chini nikalia, baba wa watoto wanne.

Naomba dakika ishirini zirudishwe, jina langu liandikwe, na mwakani kila mkimbiaji aulizwe ukoo wa mke wake kabla hamjapanga vituo.

Wasalimieni wanakamati wote, hata yule mshika saa, ingawa hakustahili.

Mkwe mwenye adabu,
Ndaki Manyanda

N.B. Mke wangu Minza ameisoma barua hii akacheka mpaka akakaa chini. Anasema mwenye kitenge kile ni Mama Vénérande, wa kwaya ya kanisani kwao. Mama mkwe wangu mwenyewe alikuwa kwenye mstari wa kumalizia tangu asubuhi, na sahani ya wali, akinisubiri. Muda ulipoisha akaondoka nayo akisikitika. Kwa hiyo ningewahi, ningetafuta mahindi mengine. Dakika zile kaeni nazo.