Zetu Zinaning'inia, Zao Zinakaa

Jumatatu, 8 Oktoba

Ushindi! Kazi ya ubao nimepewa mimi. Jumapili utatundikwa ukumbini: majina ya watu arobaini na mmoja tuliotoka Tibet tukafyeka msitu huu wa Karnataka, kusini mwa India. Kushoto jina kwa herufi zetu, kulia jina hilohilo kwa herufi za Kiingereza. Bi Dolkar, katibu wa makazi, alitaka kumpa Gyurme, mpanga chapa wetu wa siku zote. Nikamwambia Gyurme macho yamekwisha. Akaniuliza mimi nimejua kompyuta tangu lini. Tangu zamani, nikasema. (Tangu Agosti. Mpwa wangu aliniachia yake alipohamia Toronto.)

Sababu yenyewe naiandika hapa tu. Jina la kumi na saba ni Yangzom, mke wangu. Tangazo la msiba wake alilipanga Gyurme, na irabu inayokaa juu ya jina lake kama kofia ikafyekwa na mstari wa juu. Miaka sita sasa. Tulivuka milima pamoja, na ameondoka duniani kichwa wazi!

Jumanne, 9 Oktoba

Sielewi. Herufi za Kiingereza zinakaa juu ya mstari kama watu kwenye benchi. Zetu zinaning'inia chini ya mstari kama nguo kwenye kamba. Nimeandika kwa mkono miaka sitini bila kuliona hili, maana sikuwahi kuzikaribisha zote sebule moja. Kwenye kompyuta jina la Kitibeti limezama, la Kiingereza linaelea. Nikaongeza ukubwa. Likazama zaidi! Nikapima kioo kwa rula. Ukurasa ukateleza kidogo, vipimo vyote vikawa vya mtu mwingine.

Nimechapa karatasi ishirini na mbili. Zote mbaya, kila moja kwa namna yake.

Jumatano, 10 Oktoba

Karatasi hamsini na nane. Pa kuziweka sina. Karatasi yenye herufi zetu haitupwi, hairukwi, haikaliwi, haifungiwi pilipili. Juu ya kabati pamejaa. Mezani pamejaa. Momo, vile vitumbua vyetu vya nyama vya mvuke, nimezila nimesimama.

Asubuhi nikazibeba zote kwenye kikapu, nizichome kwa heshima kwenye tanuru la ubani pale hekaluni. Nani anazunguka hekalu na tasbihi mkononi? Gyurme. Akapita mara ya kwanza, moshi. Mara ya tatu, moshi bado. Akauliza ni sala gani hiyo isiyokwisha. Nikasema ya marehemu. Akaokota kipande kilichopeperuka, akakigusisha kwenye paji la uso kama inavyopasa, kisha akakisoma. Akasema: "Marehemu wako siku hizi wanaombewa kwa Kiingereza? Na mbona mimi nimo?"

Alhamisi, 11 Oktoba

Nimekwenda kwa Gyurme. Si kuomba msaada! Kuchungulia tu, kwa jicho la pembeni. Akanimiminia chai ya siagi, akauliza nimefuata chai au nimefuata siri. Chai, nikasema. Akasema basi kunywa, mzee mwenzangu, na siri ni ya bure: nisilinganishe vichwa, nisilinganishe miguu, nishushe Kiingereza kidogo tu mpaka matumbo yatazamane. "Kidogo, Topgyal-la. Mkono wako mzito, nakujua tangu enzi za shoka." (Hiyo "-la" ni ya heshima. Mengine si ya heshima.)

Akauliza kama Yangzom nimeshampanga. Nikasema hilo halimhusu. Akahesabu tasbihi.

Nimetafakari njia nzima. Kwa nini atoe siri bure? Mtego! Yeye anasema shusha. Basi dawa ni kupandisha.

Ijumaa, 12 Oktoba

Nimepandisha. Haikukaa. Nikapandisha tena. Nikaukuza ukurasa mpaka mstari wa kumi na saba peke yake ukajaza kioo. Na hapo, ghafla, sawasawa! Kofia ya Yangzom nzima, na tumbo kwa tumbo na jina la Kiingereza lililo mbele yake. Rula haikupata kosa. Sikusoma, nilikuwa napima. Nikapandisha wote vivyo hivyo.

Faili nimeipeleka mjini Kushalnagar. Fundi wa mabango ni Mkannada, mwenyeji wa huku, herufi zetu hazijui. Akauliza kwa nini jina la kwanza la Kiingereza liko peke yake juu kabisa, halina mwenzake. Nikamwambia, mdogo wangu, wewe chapa.

Jumapili, 14 Oktoba

Pazia limeondolewa. Kicheko kimoja, kisha ukumbi mzima.

Kila jina la Kiingereza limepanda mstari mmoja. Kila mtu amekaa na jirani yake. Mstari wa kumi na saba, kushoto: Yangzom, na kofia yake. Kulia: Gyurme Wangdak! Mimi ni wa mwisho kwenye orodha. Jina langu linaning'inia peke yake, mbele yake patupu.

Mtu wa nyuma akapaza sauti kumpongeza bwana harusi. Bi Dolkar akaniuliza kama naelewa nilichofanya. Nikasema ndio mtindo wa kisasa.

Gyurme hakucheka. Alisogea, akavaa miwani, akalitazama jina la Yangzom muda mrefu. Akasema kofia imekaa vizuri. Akasema ile aliyoikata yeye imemsumbua miaka sita, na hakujua aniambieje. Kesho ataleta kompyuta yake, tushushe pamoja, ni kazi ya dakika kumi.

Nikasema nitafikiri.

Jumatatu, 15 Oktoba

Nimefikiri. Kompyuta haina kosa. Ni ukuta. Upande wa kulia wa ubao ukishushwa upana wa vidole vitatu, Kiingereza chote kinarudi mahali pake. Rahisi! Ajabu hakuna aliyeliona.

Gyurme amefika na kompyuta yake kwapani. Nimemwambia aiweke kando ashike ngazi. Akasema, "Topgyal-la, utatuua wote wawili." Akashika. Nikang'oa msumari wa kulia, nikaupigilia chini zaidi.

Sasa ukisimama wima, ukapitisha jicho moja kwa moja na usitazame fremu, Yangzom yuko mbele ya Yangzom. Gyurme yuko kwake. Mimi niko na mimi.

Bi Dolkar amekuja mbio, anasema ubao umekwenda upande kama unataka kudondoka. Nimemweleza taratibu kwamba ubao uko sawa, ni sakafu ndiyo iliyopinda. Nimeshaanza kuipima.