Mabati ya Sanaa

Siku vijana wa ofisi ya leseni walipotumwa na ndoo za chokaa kufuta majina ya pombe kwenye kuta za Machakos, watu pale karibu na stendi walisimama kutazama, na wote waliona hasara. Kimanzi peke yake, aliyekuwa ameketi kwa mng'arisha viatu na soksi yenye tundu, aliona riziki.

Ofisa mwenye miwani alikuwa akisoma masharti mapya kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya kanisani. Jina la pombe lisiandikwe ukutani. Lisivaliwe na timu ya mpira. Lisidhamini mbio, wala harusi, wala mashindano ya urembo. Akameza mate, akamalizia mbiombio: isipokuwa kumbi za sanaa za maonyesho, na huko jina likae ndani, wakati wa maonyesho tu.

Wengine walisikia makatazo. Kimanzi alisikia "isipokuwa". Ana sikio la namna hiyo. Ukimsomea Amri Kumi atakuuliza kama hakuna ya kumi na moja inayozilegeza zile nyingine.

Mbele ya ukuta alisimama Mwangangi, ajenti wa jini iitwayo Nyuki Dume kwa Machakos nzima, mikono kiunoni, akimtazama nyuki wake mwenye misuli akipakwa chokaa kuanzia mabawa. Kimanzi aliruka kutoka kwa mng'arisha viatu akaenda kusimama kando yake, akatikisa kichwa kama mfiwa.

"Pole, mkubwa. Hata mimi nimeumia."

"Wewe umeumia wapi?"

"Kwa roho. Mimi ni mtu wa sanaa."

Mwangangi alimtazama viatu. Kimoja kiling'aa, cha pili kilikuwa bado. "Sanaa gani?"

"Ya maonyesho. Si umesikia vile amesoma? Hao wengine wote wamefungiwa mlango, lakini mimi niko na ukumbi. Uko hapo njia ya Wamunyu, kina mama wanaigiza karibu kila siku. Kitu huo ukumbi umekosa tu ni paa."

"Wanaigiza nini?"

"Maisha," alisema Kimanzi, na akashusha macho kwa heshima ya neno lenyewe.

Mwangangi alikuwa na tamaa lakini hakuwa zuzu. "Pesa sitoi," alisema. "Mwaka jana nilipea mtu pesa ya jezi, na hiyo timu sijawahi kuiona. Nitatoa mabati na misumari. Halafu nitakuja nikae kwa kiti, nione hiyo sanaa na macho yangu. Nikiona, tunatundika jina."

Kimanzi aliweka mkono kifuani. Mabati huuzika.

Sasa, msimwonee Kimanzi. Ukumbi ulikuwepo kweli. Yeye hadanganyi ovyo ovyo. Huchukua ukweli mdogo akaulisha mpaka unenepe. Ulikuwa ukumbi wa kikundi cha kina mama kinachoongozwa na Mbula, mama wa makamo, mfupi, asiye na maneno mengi. Upepo wa Aprili ulikuwa umeling'oa paa na kulitupa kwenye mihogo ya jirani. Kina mama walihangaika wakapata mbao mpya, wakazipigilia, na hapo nguvu zikaisha. Kila asubuhi watoto wa chekechea walisomea mle ndani chini ya anga tupu, na mawingu ya Oktoba yalikuwa yameshaanza kukaa juu ya milima ya Iveti. Mvua ya kwanza ikinyesha, chekechea inafungwa. Mbula alikuwa na wajukuu wawili mle, na kila alipotazama mawingu roho ilimwuma.

"Mwaitu," Kimanzi alimwambia, kwa maana hata tapeli wa Ukambani humwita mama wa watu mama. "Nimewaletea paa."

"Kutoka kwa nani?"

"Kwa mtu wa pombe. Usikunje uso. Sheria inaruhusu ukumbi wa sanaa. Jina linakaa ndani, tena wakati wa maonyesho tu. Nyinyi Jumamosi muigize kitu kidogo, aone, aende zake."

"Sisi hatujui kuigiza."

"Kila mtu anajua. Nyinyi mnajua kufanya nini pamoja?"

Mbula alifikiri. "Mwethya."

"Basi igizeni mwethya," alisema Kimanzi, akiwa tayari anatazama saa.

Hapa msomaji asiye wa Ukambani anahitaji kuelezwa jambo, na Kimanzi, ambaye ni wa Ukambani kabisa, alihitaji kukumbushwa. Mwethya ni watu kukutana kumfanyia mwenzao kazi: leo matuta kwako, kesho kisima kwangu, na nyimbo zikiwa juu. Anayesimama mikono mfukoni huimbwa kwa jina mbele ya wote mpaka aone haya ashike jembe. Kimanzi aliondoka kijijini akiwa mdogo. Mwethya aliokuwa akiujua yeye ni ule wa siku za wageni wakubwa, ambapo kina mama huinua majembe kwa ajili ya kamera, na kamera ikipita huyateremsha. Kikundi cha Mbula hakikuwa na mwethya wa aina hiyo.

Mabati yalifika Alhamisi, mapya, yamefungwa kwa waya, yakapangwa ndani ya ukumbi pamoja na katoni za misumari. Kimanzi aliyazunguka akiyapapasa kwa mapenzi.

"Mwaitu, msifungue hata waya moja. Lazima kwanza yaende kupigwa muhuri."

"Muhuri wa nini?"

"Wa sanaa."

Mbula aliitikia kwa kichwa, polepole, na hakuuliza tena. Kimanzi aliona ni mama mwelewa sana.

Jioni hiyo hiyo alikuwa dukani kwa Shaaban, mwenye hadiwea ya vifaa vya ujenzi karibu na soko, mzee mpole wa kofia ambaye hajawahi kuuliza kitu kimetoka wapi bali kinauzwa bei gani. Walielewana. Shaaban akatanguliza kiasi, akaahidi kuja na lori Jumamosi saa kumi na moja jioni, maonyesho yakiwa yamekwisha. Kile kiasi hakikulala. Kabla duka la nguo halijafungwa kilikuwa kimegeuka suti ya buluu na viatu vilivyochongoka, vyote viwili vikiwa vinang'aa.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Majirani waliketi kwenye mabenchi, jua likiwapiga utosini. Mwangangi aliwekewa kiti cha plastiki mbele kabisa, na nyuma yake kikatundikwa kitambaa kikubwa chenye Nyuki Dume. Ukutani ziliegemezwa ngazi mbili, na Kimanzi alipoziona alifurahi kwamba kina mama wamejali hata mapambo.

"Mabibi na mabwana," alianza, akikunjua mikono ya suti, "sanaa ni kioo." Aliendelea kwa muda kuhusu kioo. Mwangangi akapiga miayo. "Basi, bila kupoteza wakati, kikundi chetu kitatuonyesha mwethya wa zamani."

Kina mama waliingia wakiimba, leso zimefungwa kiunoni. Mbula alikuwa mbele akiongoza, na mguu wake mmoja ulipokanyaga, miguu yote ilikanyaga. Mwangangi aliketi wima. Kimanzi alisimama kando, akapiga kofi moja moja kama mwalimu wa muziki.

Halafu Mbula akatoa koleo kwenye leso, akakata waya.

Kimanzi aliendelea kutabasamu, maana uso bado ulikuwa haujapata habari. Kina mama wanne waliinua bati la kwanza kichwani, wakazunguka nalo mara moja wakiimba, na wakalipitisha juu. Winfred, binti wa Mbula, alikuwa ameshapanda ngazi na nyundo mkononi. Msumari wa kwanza ukaingia kwenye mbao, na wimbo haukukatika.

"Asi," alisema Kimanzi kwa sauti ndogo.

"Hii ni sanaa sasa," alisema Mwangangi. "Wanapigilia kweli kabisa. Mimi nilidhani wataigiza na mikono tupu."

La pili likapanda, la tatu, la nne. Kimanzi alijongea katikati, mikono juu. "Jamani, jamani. Mapumziko kidogo. Watazamaji wapate maji."

"Nani anataka maji?" Mwangangi aliuliza. "Kijana, wacha watu waigize."

Kimanzi akaingia katikati ya wachezaji, akaenda hatua kwa hatua na Mbula, akimwongelea sikioni huku akijifanya anacheza. "Mwaitu, unafanya nini? Si nilisema yasifunguliwe?"

"Ulisema tuigize mwethya," Mbula alijibu bila kupoteza mdundo. "Mwethya ni huu."

"Na muhuri?"

"Jana alikuja mzee mmoja wa kofia, Shaaban, akaomba maji, akauliza, haya ndio mabati Kimanzi ameniuzia? Nikamwambia ndio haya." Aligeuka, leso ikapepea, akarudi. "Sasa nikisimamisha wimbo, huyu mwenye pombe atauliza ni kwa nini. Utamwambia wewe, ama nimwambie mimi?"

Kimanzi alitazama mlango.

Alirudi nyuma akasimama, mikono mfukoni, akipiga hesabu za kutoroka. Lilikuwa kosa kubwa. Mbula aliinua sauti: nani huyo amesimama? Kina mama wakajibu: Kimanzi amesimama. Amevaa nini? Amevaa suti. Suti inabeba nini? Haibebi kitu. Majirani wakadaka kiitikio. Mwangangi, mtu mzima mwenye tumbo lake, akadaka pia, akipiga paja, na akawa anaimba kuliko wote. Kimanzi alisikia jina lake likitoka vinywa mia, na kitu cha zamani kikamshika shingoni, kitu ambacho marehemu nyanyake alikuwa akikitumia kumtoa kitandani siku za kulima. Haya zilimpanda kweli. Alivua koti, akaliweka juu ya kiti, akainua bati.

Walimshangilia. Walimpa nyundo, wakampandisha juu kando ya Winfred, na akapigilia. Kwa masikitiko makubwa msimuliaji lazima akiri kwamba alipigilia vizuri. Kila msumari ulikuwa wake. Kila bati lililobaki alililaza kwa mikono yake mwenyewe mahali ambapo hakuna lori lingelifikia. Ukumbi chini yake ukazidi kuingia giza, kipande kwa kipande, na kina mama wakaanza kupiga vigelegele. Alipolaza bati la mwisho machozi yalimtoka, akayafuta kwa mkono wa shati.

"Muone huyo," Mwangangi alimwambia jirani yake. "Mpaka analia. Hiyo kipawa huwezi kununua."

Kimanzi akiwa angali juu, lori lilisikika likiingia uani. Aliteremka ngazi haraka, lakini Shaaban alikuwa ameshaingia mlangoni, kofia kichwani, akizungusha macho pale mabati yalipokuwa jana.

"Assalamu alaikum," alisema kwa wote, kwa maana ni mtu wa adabu. Halafu kwa Kimanzi: "Mabati yangu yako wapi?"

Kimanzi alimtazama Shaaban, akamtazama Mwangangi, akamtazama Mbula. Hakukuwa na mlango wa pili. Akainua kidole taratibu, akaelekeza juu.

Kicheko kilichofuata kilitikisa hayo hayo mabati. Mwangangi alisimama akapiga makofi. "Na huyu mzee mlimtoa wapi? Ameingia tu na kofia yake, ameuliza swali moja, basi. Endelea, mzee, endelea."

"Mimi siigizi," alisema Shaaban.

Wakacheka zaidi.

"Huyu mtu amekula pesa yangu."

"Hata hii suti ni yake," alisema Kimanzi kwa uchovu, na alipousema ukweli huo, kwa mara ya kwanza mwaka huo, watu walijipangusa machozi ya kicheko. Shaaban alilichukua koti kutoka kwenye kiti, akalikagua mshono, akalikunja kwapani. Kisha akavitazama viatu. Kimanzi alivivua mwenyewe.

Makofi yalipopungua Mwangangi alimwendea Mbula. "Mama, nimeridhika. Sasa hiyo nyuki yangu nataka ichorwe juu ya paa, ionekane mpaka barabarani."

Mbula alikuwa ameshakitungua kitambaa na kukikunja mara nne. Alimpa kwa mikono miwili, kwa heshima. "Kijana wako alitusomea sheria vizuri. Jina ni ndani, wakati wa maonyesho tu. Na hapa asubuhi kuna watoto. Siku tukiigiza tena, utakuja nayo."

"Na mtaigiza lini tena?"

Mbula alitazama kuta. Choo cha watoto kilikuwa kimeegemea upande, na uani hakukuwa na tangi la maji.

"Ukileta saruji," alisema, "tuko na mchezo mwingine."

Mwangangi alianza kucheka, akaacha katikati, akakitazama kile kitambaa mkononi. Kisha akaketi tena, kwa sababu matone makubwa yalikuwa yameanza kupiga juu ya mabati na hakuna aliyetaka kutoka. Kina mama wakaleta muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kwa kuwa aliyefanya mwethya hulishwa, hata awe nani. Kimanzi alipewa sahani iliyojaa kuliko zote. Alikula akiwa amekaa chini, bila koti na bila viatu, na juu yake hapakuvuja hata tone.