Mayonesi ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza inaanza. Mama mkwe yuko kwetu tangu atoke hospitali. Daktari kasema mafuta yamezidi kwenye damu: hakuna kukaanga, hakuna siagi, na mayonesi asiione hata kwenye tangazo. Tangu hapo mama hali. Anachokonoa sahani, anasema hiki ni chakula cha wafungwa, kisha anaanza kusifia saladi ya jodari ya Fundi.

Fundi ni mume wa dada yake mke wangu. Anatengeneza friji. Ana chumba cha wageni, ana kitambi cha heshima, na mayonesi hapimi, anamimina. Jumamosi wanakuja hapa kwa kikao cha familia, kuamua mama akae kwa nani. Nasikia Fundi ameshapaka rangi chumba. Mnafiki!

Mimi nataka abaki hapa. Sababu naiandika humu tu: katika nyumba hii, mama mkwe ndiye peke yake anayecheka vichekesho vyangu. Mke wangu aliacha mwaka wa tatu wa ndoa. Simlaumu. Vichekesho ni vilevile.

Mpango: saladi ya jodari bila mayonesi. Mama nitamwambia mayonesi imo. Mke wangu nitamwambia haimo. Kila mtu atafurahi.

Jumanne, 4 Juni

Parachichi. Mwenzangu wa dirisha la pili pale posta, ninapopima vifurushi, aliniapia kwamba parachichi likipondwa vizuri hakuna atakayejua. Nimeliponda alfajiri, nikachanganya na jodari, vitunguu na chumvi, nikaliacha kwenye friji, nikaenda kazini kifua mbele.

Nimerudi jioni, limekuwa rangi ya matope. Mama akauliza kwa upole kama ni la kula au la kupaka. Nikamjibu ni mayonesi ya kisasa. Akasema basi yeye ni wa zamani, akaenda kulala. Nilikuwa nimeandaa kichekesho cha kifurushi kilichokuwa kinalia mlangoni mwa posta. Kimebaki tumboni.

Jumatano, 5 Juni

Maharage meupe, yaliyosagwa na ndimu na haradali. Sura safi kabisa! Mama alikula kijiko cha kwanza. Cha pili. Nikaanza kushangilia moyoni, mapema, kama kawaida yangu. Kijiko cha tatu akatoa kitu mdomoni, akakiweka ukingoni mwa sahani, akauliza tangu lini jodari ana maganda.

Mke wangu kasema kwa nini nisimwambie mama ukweli, kwamba tunamnyima kwa kuwa tunampenda. Nikamwambia ukweli upo, nimeuweka akiba. Akashusha pumzi, akaingia bafuni kuosha nywele. Nywele zake zinang'aa sana siku hizi. Nilitaka kumwambia, nikasahau.

Alhamisi, 6 Juni

Ushindi!

Mke wangu alichelewa kutoka kazini. Mimi nilikuwa nimekata tamaa, nimefungua friji nione kama kuna yai. Nyuma ya mtungi wa maji nikakuta kopo la mtindi. Mtindi mzito, mweupe, unateleza, una harufu nzuri ya nazi. Nikasema moyoni, kumbe siku hizi watu wanatengeneza mtindi kweli. Nikachanganya.

Mama alionja, akanitazama. Muda mrefu. Akauliza kama nina hakika na ninachofanya. Nikamwambia, mama, mwachie mkweo. Akamaliza sahani, akaomba nyingine! Kisha yeye mwenyewe akaniuliza habari za posta. Nikatoa kichekesho cha kifurushi mpaka mwisho. Amecheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga.

Mke wangu aliporudi nilimweleza: mtindi tu. Akanikumbatia pale pale jikoni. Nilikuwa nanuka vitunguu na hakujali.

Ijumaa, 7 Juni

Nyingine tena. Mama ana nuru usoni. Kopo limebaki na kidogo chini, nimelirudisha mahali pake kwa ajili ya kesho. Fundi kapiga simu kuuliza kama mizigo ya mama imefungwa. Nimemwambia aje na njaa.

Jumamosi, 8 Juni

Nisingependa kuandika. Naandika.

Kikao kilianza vizuri. Bakuli la saladi katikati ya meza. Mama alipokwenda kunawa nikawanong'oneza Fundi na mkewe, shemeji yangu: ni mtindi, mayonesi hata chembe. Shemeji akakubali kwamba mama amenawiri. Mke wangu akanitazama kama zamani. Fundi akaonja, akasema ina harufu ya saluni. Nikamwambia huo ni wivu.

Hapo friji yetu ikakoroma. Miaka yote inakoroma! Lakini Fundi hawezi kusikia friji inaugua akakaa. Akaivuta kutoka ukutani, akatoa vitu vyote, akavipanga mezani mbele yetu, kisha akafunua kopo la mtindi na kunusa. Akatangaza kwamba hii ni mayonesi. Nikamwambia pua nayo ina fundi wake, aende akaitengeneze.

Mke wangu akasimama polepole. Akasema kopo ni lake. Ni ya nywele: mayonesi na mafuta ya nazi. Kaiweka kwenye kopo la mtindi ili mama yake asiione akatamani. Akaingiza kidole ndani, akavuta unywele mmoja, mrefu sana.

Fundi akasogeza sahani yake mbali.

Mama mkwe, aliyekuwa amesimama mlangoni na mikono inachuruzika maji, akaanza kucheka. Alicheka akashika ukuta. Akasema alijua tangu kijiko cha kwanza, mtu hasahau mayonesi. Alidhani mkwe wake amejitoa mhanga, amekubali kugombana na nyumba nzima ili mama mtu afurahi, ndiyo maana hakutaka kunichongea. Shemeji hakucheka. Alisema tunataka kumuua mama yao.

Kikao kikaisha hapo hapo. Mama kaenda kwa Fundi, na shemeji kaapa kwamba mayonesi haitakanyaga tena nyumbani kwake. Ungeona uso wa Fundi! Ilikuwa faraja yangu ya pekee.

Mama aliponiaga kwenye gari alinishika mkono, akaniomba Jumapili ya wiki ijayo, tukija kumtazama, nisije mikono mitupu. Kijiko kimoja tu, akasema. Na nazi nisitie.

Jumapili, 9 Juni

Nyumba kimya. Wakati wa chai nimemsimulia mke wangu kichekesho cha kifurushi. Ameniomba nimsogezee sukari. Nimemkumbuka mama mkwe mpaka nikashindwa kumaliza mkate.

Jumamosi, 15 Juni

Kesho tunakwenda kwa Fundi, mapema, kabla maduka hayajafunguliwa. Nilijiandaa tangu juzi. Nimenunua mayonesi halisi, nimeijaza kwenye kopo la mtindi asijue mtu, nimelificha nyuma ya mtungi wa maji. Safari hii nimefikiria kila kitu!

Jioni hii mke wangu katoka bafuni, taulo kichwani, anatabasamu. Kanibusu kwenye paji la uso. Kasema asante, amekuta kopo limejaa, ameelewa kwamba ni namna yangu ya kuomba radhi, na kwamba ameipaka yote kwenye nywele.

Nikamwambia karibu.

Maduka yameshafungwa. Nimepekua jikoni nzima. Kuna mkebe mmoja wa jodari na parachichi moja. Nimelibonyeza. Limeiva vizuri. Naliponda sasa hivi, lilale kwenye friji, kesho liwe tayari.