Kihispania Kabla ya Alhamisi

Jumatatu, 8 Agosti 1983, Mutsamudu
Leo mdomo umenitangulia tena. Binamu yangu Djaouharia anamwoza binti yake Alhamisi. Kamwalika mke wa injinia wa ile meli ya Kihispania iliyokufa mashine bandarini. Kifaransa hajui, huyo mama. Zaharia, mke wa bwana forodha, anayetulisha Kifaransa chake asubuhi na jioni, Kihispania hana. Nikasema Kihispania mimi ninacho, nilikipata Unguja. Basi nimepewa kiti cha mbele, ubavuni kwa mgeni. Zaharia kapangiwa jikoni. Kaninong'oneza kwamba nikiaibika tutabadilishana, na viazi vya kumenya ni magunia.

Jumanne, 9 Agosti
Mwalimu nimempata. Dhoihir, kuli wa bandarini, zamani baharia. Anasema kwenye meli ya Wahispania aliishi kwa maneno haya tu: i despues. Maana yake, halafu? Mtu akisema, unamuuliza halafu. Akichoka, unamuuliza tena. Kumbe hii ndiyo kazi yangu ya kila siku kwenye nyua za watu! Dhoihir alitaka nijifunze na namba. Za nini? Naenda harusini, siendi sokoni.

Jumatano, 10 Agosti
Mazoezi. Getini bandarini Mzungu mmoja, wa wale mamluki wenye bunduki tunaowapita siku hizi tukitazama chini, kanifokea ninakwenda wapi. Nikamuuliza, i despues? Kanikodolea macho, kisha kaniashiria nipite. Kihispania kinafungua mpaka mageti. Nilichofuata mle ndani nilikisahau.

Alhamisi, 11 Agosti
Harusi. Mgeni anaitwa Karmen. Nikamshika mikono yote miwili, nikauliza halafu. Akaanza. Anaongea kunishinda mimi, na hilo si jambo dogo. Akipunguza, namsukuma na halafu yangu. Sauti ikipanda mwishoni najua hilo swali, nachota msindzano, ile sandali yetu ya kupaka usoni, namzidishia shavuni. Mtu anayepakwa uso hutulia.
Akaja Zaharia, ananuka vitunguu. Akasema kwa sauti, haya dada, mwulize ana watoto wangapi. Wanawake wote wakanigeukia. Jasho likanitoka, sandali yangu ya usoni ikapasuka. Viazi niliviona mbele ya macho yangu. Nikamwinamia mgeni, i despues? Karmen akafungua mkoba, akatoa picha. Watoto watatu na mbwa. Nikaiinua wote waione. Vigelegele. Zaharia akarudi jikoni.
Mwisho Karmen akalia begani kwangu. Wakauliza kasemaje. Nikasema mama mkwe wake anamtesa. Wakalia wote, hata Djaouharia, siku ya binti yake.

Jumamosi, 13 Agosti
Meli imepona, Karmen kaondoka, wa kunikanusha hayupo. Watu wananisimamisha vichochoroni niwasemeshe Kihispania. Nawauliza halafu, wanacheka, wananisimulia mambo yao yote. Sijawahi kupata habari nyingi hivi.
Sifa imefika Moroni. Wifi yangu wa huko, Moinaecha, katuma salamu: wanampokea daktari wa Kijerumani na mkewe, karamu kubwa, je, Kijerumani ninakiweza? Nimejibu hicho ndicho nilichoanza nacho. Boti ni Jumatatu. Sasa nazunguka mji mzima namtafuta mtu yeyote aliyewahi kumwona Mjerumani.